Magugu Maji kwenye Bwawa la Nyumbani: Mwongozo wa Kazi ya Mwaka Mzima kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Watu wengi tunaoishi kando ya maji huku nyanda za juu, iwe ni bwawa la zamani katikati ya mashamba ya chai Mufindi, lambo la kunyweshea ng'ombe Mbarali au bwawa la samaki ambalo mtu amelichimba mwenyewe nyuma ya nyumba yake Rungwe, huanza kuyaona magugu maji mwezi wa pili au wa tatu, mvua zikiwa zimekolea na maji yakiwa na uvuguvugu. Huo ndio wakati yanapoziba sehemu ya kuchotea maji, yanapomzuia mvuvi kurusha ndoano, na yanapomfanya mwenye nyumba aite vijana waje kung'oa kwa haraka. Kwa bahati mbaya ndio wakati usiofaa kuliko yote. Katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 gugu maji linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo ukiondoa nusu leo, mwezi hauishi kabla hujarudi ulipoanzia. Joto likishuka hadi karibu na nyuzi 10, ukuaji wake husimama. Sisi wa Mufindi, Njombe, Makete na miinuko ya Mbeya tumejaliwa kipupwe, na mwongozo huu umepangwa kukizunguka: maandalizi Mei, kazi kubwa kuanzia Juni hadi Agosti, kazi ya kingoni Septemba na Oktoba, kisha ulinzi mvua zinaporudi Novemba.

Nilijifunza mpangilio huu kwa hasara. Mwaka wa kwanza tulilisafisha bwawa letu lote kwa siku tatu za mwezi Februari, tukarundika magugu ukingoni palepale, tukajipongeza. Usiku wa pili mvua kubwa ilishusha sehemu ya rundo majini, tope tulilolitibua lilikuwa bado halijatulia, na alfajiri ya siku ya tano tukawakuta perege wakihema juu ya maji huku midomo ikiwa wazi. Kufikia saa nne asubuhi waliokufa walijaza ndoo mbili. Kilichowaua ni ukosefu wa hewa: mimea ikioza kwa wingi, vijidudu vinavyoiozesha hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini, na upungufu huo huwa mkali kuliko wakati wote mwisho wa usiku, kwa kuwa gizani hakuna jani linaloitengeneza.

Hatua ya kwanza: litambue gugu ulilonalo

Usiingize reki majini kabla hujajua unashughulika na mmea gani, kwa sababu njia inayoliua gugu moja hulizidisha jingine.

Gugu maji lenyewe hutambulika kwa ua la zambarau hafifu na kwa kikonyo cha jani kilichovimba. Chukua mche mmoja ukiminye kikonyo hicho kwa vidole viwili: kinabonyea kama sifongo na kutoa mlio mdogo wa hewa, kwa kuwa ndani kimejaa vyumba vya hewa vinavyouwezesha mche kuelea. Ugeuze juu chini utaona mizizi myeusi yenye uzambarau, laini kama manyoya, ikining'inia shubiri moja au zaidi, na mara nyingi tope laini na konokono wadogo wamenasa humo. Kisha tazama pembeni ya shina. Kuna kamba nyororo, nene kama penseli, na mwisho wa kamba hiyo kuna mtoto aliyekamilika, mwenye majani yake na mizizi yake. Ukimvuta mama kwa pupa kamba hukatika, mama hutoka na mtoto hubaki, na baada ya wiki chache mtoto naye ana watoto wake.

Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Amazon, na duniani umesambazwa zaidi na watu walioupenda kwa uzuri wa ua lake. Nchini kwetu uliripotiwa katika mto Sigi mwaka 1955 na katika mto Pangani mwaka 1959, miongo kadhaa kabla haujalivamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Historia hiyo ina funzo kwa mwenye bwawa dogo: hata leo mimea ya mapambo ya majini huuzwa na kugawiwa kwa nia njema kabisa. Usiweke bwawani mmea wowote unaoelea ambao humjui mama yake.

Gugu la pili linaloelea ni salvinia, jamii ya kangaga kutoka Brazili, lenye majani mawili mawili ambayo hujikunja yanapobanana. Likague kwa karibu ukiwa na mwanga wa jua: juu ya jani kuna vinywele vilivyosimama, na kila kimoja kimegawanyika kisha kuungana tena nchani mfano wa kijikapu kidogo. Ukidondoshea tone la maji, linabingirika na kuanguka bila kulilowesha jani. Liko pia lile linalofanana na saladi iliyopandwa majini, na viko vijani vidogo kama dengu ambavyo bata hupenda kuvila. Azola, ambayo ni kangaga ndogo zaidi, utaijua kipupwe kwa sababu baridi huigeuza kuwa nyekundu kama kutu, na wengi hushtuka wakidhani maji yameingia sumu.

Kundi jingine ni la mimea iliyosimama kwa mizizi ukingoni: matete, mafunjo, na yale manyasi marefu yenye kichwa cha kahawia mfano wa gunzi la mahindi. Baada ya hapo kuna yungiyungi, ambayo mizizi yake iko topeni na majani yake yameelea, na mimea inayoishi chini ya maji kabisa, yenye vishina vyembamba vinavyokatika kirahisi. Mwani wa nyuzinyuzi usiuchanganye na hiyo ya mwisho: ukiushika hauna shina wala jani, ni kama sufu iliyolowa. Maji yakiwa na tabaka la kijani kana kwamba mtu amemwaga rangi ya nyumba, huo ni mwani wa aina inayoweza kutoa sumu, na ng'ombe, mbwa na watoto wazuiwe hadi maji yasafike.

Hatua ya pili: lipime bwawa lako

Kazi hii ni ya asubuhi moja tu, ila itakuokoa wiki nzima ya jasho. Zunguka ukingo kwa hatua, chora umbo la bwawa kwenye daftari, kisha chukua kamba yenye jiwe mwishoni na mafundo kila nusu mita, upime kina sehemu kumi au zaidi. Weka alama mahali penye kina kisichozidi mita moja, maana hapo ndipo magugu yenye mizizi hupata makao.

Halafu funga sahani nyeupe kwa kamba, itie jiwe la kuizamisha, uishushe taratibu wakati wa mchana hadi isionekane, na upime urefu wa kamba iliyozama. Kwa makadirio ya kawaida, mimea ya chini ya maji inaweza kuota hadi karibu mara mbili ya kina hicho, kwa sababu mwanga hauendi mbali zaidi. Sahani ikipotea kwenye nusu mita, tegemea magugu hadi kina cha mita moja hivi. Ikionekana hadi mita moja na nusu, hata katikati ya bwawa pako hatarini. Rudia kipimo hicho kila mwezi na ukiandike.

Amua pia utakachokiacha. Bwawa lisilo na mmea hata mmoja halina mahali pa vifaranga wa samaki kujificha, na ukingo wake humomonyoka kwa mawimbi. Mimi huacha karibu robo ya eneo: ukanda wa mafunjo na matete upande unaoingiza maji, na kichaka kidogo cha yungiyungi mbali na gati. Gati, sehemu ya kuchotea na njia ya kumwagia maji ya ziada, ambayo mafundi wa mabwawa huiita utoro, ndizo zinazosafishwa zikabaki wazi.

Ruhusa na usalama

Bwawa la nyumbani lililochimbwa kwenye kijito, na hata ukingo wa ziwa ulio mbele ya nyumba yako, si mali yako peke yako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na matumizi ya maji yanasimamiwa na bodi za mabonde: Bonde la Rufiji lenye makao Iringa, Bonde la Ziwa Nyasa Tukuyu, na Bonde la Ziwa Rukwa Mbeya. Kabla ya kushusha maji, kuchimba tope au kukata matete ya eneo kubwa, nenda kwa mtendaji wa kijiji na umwombe akuunganishe na bodi inayohusika. Kung'oa kwa mkono magugu yanayoelea hakujawahi kuniletea ugomvi na mtu, lakini hata hapo huwaarifu majirani wa chini ya bwawa, kwa kuwa vipande vyangu vinaweza kuwa shamba lao.

Kuhusu afya, konokono wa kichocho hupenda kukaa kwenye mimea ya majini. Vaa mabuti marefu ya mpira na glovu, usiwatume watoto, na ukipata mkojo wenye damu wiki au miezi kadhaa baadaye nenda zahanati ukaeleze kuwa ulifanya kazi majini. Walio Mtera, Ziwa Rukwa na midomo ya mito ya Kyela wasiingie majini kabisa, kwani mamba na viboko hujificha ndani ya magugu hayohayo. Huko kazi ifanywe kutoka nchi kavu au kwenye chombo imara, na wawili wawili.

Hatua ya tatu: kata chakula kabla ya kukata gugu

Magugu maji hayatokei hewani. Yanakula naitrojeni na fosforasi, na kwa mabwawa yetu vyote viwili hushuka na maji kutoka juu ya mteremko. Chukua mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50: ndani yake mna fosforasi halisi kama kilo 10. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa maji, kilo moja ya fosforasi inaweza kulisha hadi kilo 500 za mwani mbichi. Kwa hiyo hata moja ya kumi ya mfuko huo ikisombwa na mvua ya kwanza, imetosha kukuza nusu tani ya uchafu wa kijani. Anayeng'oa magugu huku mbolea ikiendelea kushuka anafanya kazi ya kupalilia shamba ambalo mwenyewe analiwekea mbolea.

Mwezi Mei, mvua zinapokatika, fuata nyayo za maji. Tembea kutoka bwawani kwenda juu ukitazama mahali palipochimbika vijifereji, penye udongo uliotandazwa, penye majani yaliyolala upande mmoja. Mara nyingi utafika sehemu moja kati ya hizi: shamba la mahindi lililolimwa kufuata mteremko, zizi la ng'ombe au banda la nguruwe lisilo na shimo la samadi, sehemu ya kufulia na kuoshea vyombo, choo kilicho karibu mno, au vinyungu.

Suala la vinyungu linahitaji busara. Bustani hizi za bondeni ndizo zinazolisha familia nyingi za Iringa na Njombe wakati wa kiangazi, na jirani anayelima nyanya juu ya bwawa lako hana nia ya kukuharibia. Tulichofanya sisi ni kukaa naye, kumwonyesha maji yalivyo, na kukubaliana mambo matatu: mbolea ya dukani iwekwe shimoni kwenye kila mche na kufukiwa badala ya kurushwa juu, isiwekwe siku mvua inapotarajiwa, na kati ya bustani ya mwisho na maji uachwe ukanda wa nyasi. Sisi tuligharamia miche ya matete ya ng'ombe kwa ukanda huo, yeye akawa anakata majani ya mifugo wake. Ukanda huo uwe mpana kadiri eneo linavyoruhusu. Mita 10 za nyasi nene hunasa sehemu kubwa ya udongo, na fosforasi nyingi husafiri ikiwa imeganda kwenye udongo huo.

Kwa upande wa nyumbani kwako, hamisha sehemu ya kufulia mbali na ukingo, maji yake yaelekezwe kwenye migomba, samadi ichimbiwe shimo lenye kibanda, na ng'ombe wanywe kwenye hori badala ya kuingia bwawani. Ng'ombe anayesimama majini huacha kinyesi palepale, na kwato zake hulainisha ukingo ukawa tope la kuoteshea matete.

Hatua ya nne: ondoa yanayoelea wakati wa baridi

Subiri wiki ya pili au ya tatu ya Juni. Mahali penye jalidi utaona majani ya juu ya gugu maji yakigeuka kahawia kana kwamba yamechomwa na moto. Usidhani yamekufa. Moyo wa mche uko chini ya usawa wa maji, umehifadhiwa, na Septemba utachipua. Hata hivyo umedhoofika na hauzai watoto, na kila mche unaoutoa sasa ni mche ambao hautakuwa na warithi.

Andaa reki zenye meno marefu na mpini wa mita mbili au zaidi, toroli, sandarusi, turubai, kamba ya naili, na madumu matupu ya lita tano au 20. Funga madumu hayo kwenye kamba kwa kuachana nusu mita, vifuniko vimekazwa, upate kizuizi kinachoelea. Kivute kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kwa kukisogeza taratibu utayakusanya magugu kwenye kona moja iliyo karibu na njia ya toroli. Upepo ukusaidie: tazama unakovuma mchana, uyaache magugu yasukumwe huko, kisha uyafungie kwa kamba jioni.

Gawa eneo lililofunikwa mara nne na uondoe robo moja kwa wiki, ukipumzisha bwawa siku kadhaa kati ya robo na robo. Kila alfajiri ya wiki ya kazi nenda ukawatazame samaki. Wakionekana kuhema juu, simamisha kazi na uongeze maji mapya yanayoingia kwa kuanguka ili yachukue hewa.

Ukifika kwenye mche, usiuvute jani. Pitisha reki chini ya mizizi, inyanyue pamoja na kamba za watoto wake, utikise mara mbili tope lidondoke, kisha weka kwenye turubai. Msaidizi wa pili afuate nyuma na chujio la mkono, akiokota vipande na miche midogo kama sarafu iliyobaki. Ni kazi ya kuinama na haipendwi, lakini ninaamini kwa dhati kwamba mtu huyu wa nyuma ndiye anayeamua kama mwakani utakuwa na kazi ya siku mbili au ya mwezi.

Uwe na makadirio ya kweli kabla ya kukubaliana malipo na vijana. Mkeka mnene wa gugu maji unaweza kuwa na kilo 20 hadi 40 kwa mita moja ya mraba, sehemu kubwa ikiwa ni maji. Eneo la mita 10 kwa 10 ni tani mbili hadi nne, na kwa toroli ya kilo 60 ni safari 35 hadi 65. Ukiweza kuyaacha magugu kwenye mteremko kwa siku tatu, mita kadhaa juu ya usawa wa maji ya mvua, yatanyauka na kupungua uzito kabla ya kuyapeleka mbali.

Salvinia, azola na vijani vidogo havishikiki kwa reki. Tumia chandarua cha kuchekechea kilichowambwa kwenye fremu ya miti, ukikiburuta watu wawili. Azola safi, kutoka maji yasiyo na kemikali, ni chakula kizuri cha bata, kuku na nguruwe kikichanganywa na pumba.

Wako wanaouliza kuhusu mbawakavu, wale wadudu wadogo jamii ya fukusi waliopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 ili kula gugu maji. Wanafanya kazi vizuri kwenye eneo kubwa lenye joto, kwa miaka kadhaa, na huachiliwa na taasisi zenye mamlaka. Kwa bwawa la nusu eka lenye baridi ya Mufindi, mikono yako ni ya haraka zaidi.

Hatua ya tano: yaliyosimama na yaliyozama

Manyasi yenye kichwa kama gunzi, pamoja na matete, hupumua kupitia mashina yake. Mabua hayo, hata yaliyokauka, hupeleka hewa hadi kwenye mizizi iliyo topeni. Ukifyeka juu ya maji, unayapunguzia uzito tu na yanachipua upya. Ukikata chini ya maji, shubiri moja chini ya usawa, utaona mapovu yakitoka kwenye kisiki mara tu mundu unapopita: ni hewa inayotoka na maji yanayoingia. Kisiki kikibaki kimezama, mizizi hukosa pumzi na kuoza. Kata hata mabua makavu, usiache hata moja limechomoza, kisha rudia chipukizi likitokea. Wakati bora kwa mimea hii ni pale inapoanza kutoa maua, akiba yake ya mizizi ikiwa imepungua, hivyo kazi hii ni tofauti na ile ya kipupwe: ifanye mvua zikiwa zimejaza bwawa, ili visiki vizame vizuri.

Yungiyungi nalipunguza kwa kukata majani yote kila yanapofika juu, takriban kila wiki mbili, kwa msimu mzima. Shina lake la topeni ni nene na lina akiba kubwa, kwa hiyo mwezi wa kwanza utadhani halisikii. Kwenye eneo dogo la gati njia rahisi ni kuzamisha turubai jeusi, likiwa limetobolewa matundu madogo ya kupitisha gesi na kukandamizwa kwa mawe, likae miezi miwili au mitatu. Giza huua karibu kila kilicho chini yake, ikiwa ni pamoja na mimea ya chini ya maji.

Mimea hiyo ya chini ya maji usiikate kwa panga kamwe. Kila kipande cha shina kinaweza kuwa mche mpya. Ivingirishe taratibu kwenye reki kama tambi kwenye uma, uitoe na mzizi wake, na uweke wavu kwenye utoro siku zote za kazi.

Hatua ya sita: kushusha maji

Kama bwawa lako lina bomba la kutolea maji chini ya tuta, na umepata ruhusa, Septemba na Oktoba ni miezi ya kushusha usawa kwa nusu mita hadi mita moja. Jua la miezi hiyo huikausha mimea ya kingoni, na hapohapo unaweza kuchimba tope jeusi na kuufanya ukingo uwe mwinamo mkali, mita moja kushuka kwa kila mita mbili au tatu za mlalo. Ukingo mkali hauna kina kifupi cha kuoteshea magugu. Shusha polepole kwa siku nyingi ili tuta lisibomoke na jirani wa chini asifurikiwe.

Tahadhari moja: mbegu za gugu maji hukaa topeni zikiwa hai kwa miaka zaidi ya 15, na tope lililopata jua na unyevu ndilo linalozizindua. Wiki chache baada ya kushusha maji, pita ukingoni ukitafuta miche midogo yenye majani membamba kama ya nyasi, ung'oe yote kabla maji hayajapanda.

Mboji, na suala la dawa

Magugu yaliyonyauka ni mali. Yapange kwa tabaka la shubiri moja, kisha mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, kisha samadi, kisha udongo kidogo, hadi lundo lifike kifuani. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe: kikiwa na joto ambalo kiganja hakivumilii, lundo linapika vizuri na mbegu nyingi zinakufa. Geuza kila wiki mbili. Kyela mboji itakuwa tayari kwa miezi miwili au mitatu, Njombe itachukua muda mrefu zaidi. Itumie kwenye migomba, parachichi au kahawa iliyo mbali na maji, na lundo lenyewe liwe mahali ambapo mvua haiwezi kulisombea bwawani. Magugu kutoka maji yanayopokea taka za kiwanda au karakana yasitumiwe kwenye mboga.

Kuhusu dawa za kuua magugu, msimamo wangu ni kuziacha. Kiuatilifu kinachofaa shambani kinaweza kuwa na sabuni inayoua vyura na samaki, na kisheria kinachoruhusiwa ni kile tu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye kibandiko. Mrututu, yaani chumvi ya shaba ambayo baadhi ya watu huimwaga kuondoa mwani, ni hatari zaidi huku kwetu kuliko kwingine: maji ya milima yetu mengi ni laini, yana chokaa kidogo, na katika maji ya namna hiyo shaba huwa kali sana kwa samaki. Kipimo kilichokuwa salama kwenye bwawa la mwingine kinaweza kuliua lako.

Mvua zikirudi

Wenye nyumba Matema na maeneo mengine ya Ziwa Nyasa, lililo karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, hawana kipupwe cha kuwasaidia. Kwao magugu huja na mito, hasa baada ya mafuriko, na mawimbi huyatupa ufukweni. Waokote kila asubuhi baada ya mvua kubwa, kabla upepo haujayarudisha, na wakague hasa ghuba na midomo ya mito penye maji yaliyotulia.

Kwa sisi wa juu, kabla ya mvua za Novemba funga wavu wa matundu madogo kwenye mfereji unaoingiza maji, ukiwa umeinama ili takataka zipande juu yake zisiuzibe. Baada ya kila mvua kubwa usafishe siku hiyohiyo, kwa kuwa wavu ulioziba hupandisha maji yakapita pembeni na kuikata ardhi. Weka Jumamosi moja kila wiki ya kulizunguka bwawa na ndoo mkononi. Dakika 40 zinatosha. Chungulia chini ya mafunjo, ndani ya matete na nyuma ya gati, mahali ambapo mche mmoja unaweza kukaa mwezi mzima bila kuonekana, na ukiupata uingize vidole chini ya mizizi, upapase pembeni kama kuna kamba, uitoe pamoja na mtoto aliye mwisho wake, uvitie vyote kwenye ndoo.